Pumzi nayo ina misuli yake

Barua tatu za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa vinywa tofauti: mtu akiishiwa pumzi, je, afanye mazoezi ya kuvuta na kupuliza hewa? Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka 22, mingi kati ya hiyo kwenye wodi za kifua, na jibu langu si moja kwa wote watatu. Mmoja namwambia aanze kwa utaratibu. Mwingine namwambia aache. Wa tatu nampa zoezi pamoja na saa ya kulifanya. Barua ya nne ni fupi, nimeiweka katikati.

SWALI: Shikamoo dada. Baba yangu ana miaka 61, yuko Pangani, alikuwa mvuvi. Ameugua TB mara mbili, mara ya mwisho mwaka 2019, akamaliza dozi na kuambiwa amepona. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka kitandani hadi bafuni anahema kama aliyepandisha ngalawa ufukweni peke yake. Binamu yangu aliyeko Muscat ametuletea kifaa cha kuvutia pumzi, kina springi ndani na namba za kuzungusha. Muuzaji alimwambia kinafungua mapafu. Baba ameweka namba ya juu kabisa, anavuta mara mia kila asubuhi, kisha kichwa kinamzunguka na kifua kinamuuma siku nzima. Aendelee? *Binti wa Pangani*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwa sasa asiendelee. Kiosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikaukie kivulini, kikae kabatini mpaka tujue mambo mawili.

La kwanza ni hali ya mapafu yenyewe. Aliyeugua TB mara mbili hubaki na makovu, na mara nyingine mapango na mapovu ya hewa yenye kuta nyembamba. Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote la nguvu nataka apigwe picha ya kifua, na makohozi yake yapimwe tena kwa mashine ya GeneXpert au kwa kuotesha vijidudu maabara, maana TB huweza kurudi na dalili zake hufanana na uchovu wa mapafu ya zamani. Akitema damu, hata michirizi tu, kifaa hakiguswi. Akishikwa ghafla na maumivu makali ya upande mmoja wa kifua na pumzi ikakata, huenda povu limepasuka na hewa imetoka nje ya pafu. Hapo msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali usiku uleule.

Muuzaji wa Muscat alikosea alipozungumzia kufungua mapafu. Kovu la mguuni haliotishi vinyweleo tena, na kovu la pafu halirudi kuwa pafu. Kifaa hiki hakiponyi mapafu. Kazi yake ni kuimarisha misuli inayoyavuta.

Tunasema "mapafu yanapumua", lakini mapafu hayana nguvu ya kujitanua yenyewe. Yanavutwa. Mvutaji mkuu ni kiwambo, ule msuli mpana uliotanda chini ya mbavu kama mwavuli. Ukijikaza unashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Ugonjwa wa kifua wa muda mrefu huacha hewa nyingi iliyonaswa ndani, mwavuli unabaki umebanwa chini, umelala bapa, na hauna tena pa kushukia. Ongeza miezi ya homa, kukonda na kulala kitandani, na msuli nao umesinyaa kama ulivyosinyaa msuli wa paja.

Jambo la pili basi ni kupima nguvu ya msuli huo. Hupimwa kwa sentimita za maji. Fikiria mrija mrefu uliosimama ndani ya ndoo, wewe juu unanyonya. Maji yakipanda sentimita 60 kutoka usawa wa ndoo na kusimama hapo, umevuta kwa nguvu ya sentimita 60 za maji. Hospitali ina kipimo kidogo cha mkononi kinachofanya kazi hiyo bila ndoo. Mwanamume mwenye afya huvuka 80. Mgonjwa wa kifua aliye chini ya 60 tunamhesabu kuwa misuli yake ya pumzi imelegea, na huyo ndiye ninayemtazamia kufaidika na springi. Aliye juu ya hapo hupata kidogo, na muda wake ni bora autumie kutembea.

Tuseme baba yako apimwe apate 50. Namwanzisha kwenye asilimia 30, yaani 15. Kifaa ninachotumia mimi kimeandikwa 9 hadi 41. Kama chake ni cha namna hiyo, amekuwa akivuta 41 mara mia moja, karibu na mwisho wa uwezo wake wote, na ndiyo maana kifua kinamuuma. Kizunguzungu nacho kina sababu yake: anapumua kwa wingi kuliko mwili unavyodai, kaboni dayoksaidi inapungua mno kwenye damu. Angalieni pia namba zenyewe. Vifaa vingine, hasa vya wanamichezo, vimeandikwa 1 hadi 10 na hizo ni ngazi tu, si sentimita. Msilinganishe kifaa na kifaa.

Akiruhusiwa kuanza, aketi kwenye kiti, viwiko juu ya meza, pua imebanwa kwa kibanio au kwa vidole. Midomo ishike kifaa pasipovuja hewa. Avute kwa haraka na kwa nguvu. Vali, kilango cha hewa ndani ya kifaa, haifunguki mpaka avute kuzidi namba aliyoweka, na ikifunguka atasikia hewa inapita, fyuu. Kama hakuna fyuu, namba ni kubwa, ishushe. Kisha aiachie pumzi itoke yenyewe polepole, asiisukume. Wewe simama mbele yake utazame mabega. Yakipanda hadi masikioni, anavuta kwa shingo badala ya kiwambo. Pumzi 30 asubuhi, 30 jioni, siku 5 au zaidi kwa wiki, na apumzike kila anapotaka. Pumzi zote 30 zikiwa nyepesi, aongeze kidogo wiki inayofuata. Baada ya wiki 8 apimwe tena. Na kifaa ni chake peke yake, kama mswaki.

Wiki mbili za kwanza hataona kitu. Nimezoea kuambiwa, "Dada, hakifanyi kazi." Wiki ya tano hivi mtu huja na habari ndogo: amefunga kamba za viatu vyote viwili bila kupumzika katikati, au ametawadha bila kuegemea ukuta. Nafurahia habari hizo kuliko namba zangu. Tena akiacha kabisa, nguvu hupotea baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo hata akipata nafuu aendelee mara chache kwa wiki.

Lakini tafadhali, binti yangu, springi isimtoe kwenye kutembea. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa Ulaya wa wagonjwa 219 wenye ugonjwa sugu wa njia za hewa na misuli dhaifu ya pumzi. Wote walifanya mazoezi ya mwili, nusu yao wakaongezewa kifaa. Misuli ya pumzi ya hao iliongezeka nguvu kweli, lakini umbali waliotembea kwa dakika 6 haukuzidi wa wenzao. Na hapa jirani zetu Kampala, watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB walipitia mazoezi na mafunzo ya wiki 6, matokeo yakachapishwa mwaka 2017: walitembea zaidi na kuhema kwao kukapungua. Wale walifanana na baba yako kuliko wagonjwa wa Ulaya. Kwa hiyo kila siku atembee ufukweni kwenye mchanga mgumu, ahesabu hatua, asimame, aendelee. Kiwango kizuri ni kile anachoweza bado kukujibu kwa sentensi fupi.

Na pumzi ikimkata njiani, ainame mbele kidogo, mikono juu ya magoti au juu ya ukuta. Avute kwa pua akihesabu mbili, atoe kwa midomo iliyobanwa akihesabu nne, kama anapoza uji wa moto bila kuumwaga. Hewa iliyonaswa hupata nafasi ya kutoka. Hili aanze leo, halihitaji kipimo.

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo nikapewa kile kifaa cha mipira mitatu. Sasa ni wiki ya tatu na nimerudi kazini. Niendelee nacho ili kujenga misuli ya kifua? *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Hicho si cha kujenga misuli. Namba 600, 900 na 1200 zilizo ubavuni ni mililita za hewa kwa sekunde, hazipimi uzito wa kuvuta. Kazi yake ilikuwa kukukumbusha kuvuta pumzi ndefu siku zile ambazo kidonda kilikufanya upumue kwa woga, pafu la chini lisije likajikunja. Kama unatembea, unacheka na kukohoa bila shida, kimemaliza kazi yake.

SWALI: Habari za kazi dada. Mwanangu ana miaka 13, ana ugonjwa wa misuli wa Duchenne, aliacha kutembea akiwa na miaka 11. Anasoma, anaimba kwaya ya watoto kanisani. Siku hizi akipata mafua kikohozi hakina nguvu, makohozi yanakwama. Jirani ambaye ni mwalimu wa michezo amenishauri apulize maputo ishirini kila jioni mpaka achoke, kifua kitanuke. Anajitahidi sana, ila asubuhi anaamka amechoka na kichwa kinamuuma. *Mama, Dodoma*

JIBU: Nzuri mama, na pole kwa safari hii ndefu. Maputo yaishe leo. Jirani yako ana nia njema, na kanuni yake ya "mpaka achoke" inafaa kwa msuli wenye afya. Msuli wa mwanao unakosa protini inayoitwa distrofini, ambayo kazi yake ni kuimarisha kuta za chembe za msuli zisipasuke unapojikaza. Kazi nzito huzipasua haraka kuliko mwili unavyoweza kuziba. Na kiwambo, tofauti na mkono, hakina Jumapili.

Nakueleza haya nikiwa na kijana mmoja moyoni. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, yeye alikuwa na miaka 14 na ugonjwa huuhuu. Nilimtaka aongeze zoezi moja, kisha moja tena, naye alikuwa mtoto wa kutaka kunifurahisha. Kesho yake mama yake alinieleza kwamba usiku ameshindwa kujigeuza kitandani. Zilipita siku nne ndipo akarudi alipokuwa. Tangu hapo nina sharti moja kwa wagonjwa wa misuli: zoezi ambalo kesho yake linamwacha dhaifu kuliko jana lilikuwa kubwa mno, hata kama jana lilionekana dogo.

Tafiti za mazoezi ya misuli ya pumzi kwa Duchenne zipo. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalizikusanya pamoja na za magonjwa mengine ya misuli na neva, yakakuta ni chache, ndogo, na uhakika wake ni mdogo. Kwa hiyo sitakupa ahadi juu yake. Nitakupa kile ninachokitegemea.

Kwanza, kurundika hewa. Mwanao hawezi kuvuta pumzi ya kujaza kifua, basi tunamjazia sisi. Tunatumia mfuko wa Ambu, ule wa kubana kwa mkono uliopo kila chumba cha dharura, wenye barakoa na vali ya kuruhusu hewa iende upande mmoja. Anavuta, unabana, anaishika. Unabana tena juu ya ileile, anaishika. Mara ya tatu kifua kimejaa kama hakijawahi kujaa mwaka mzima, unaona mbavu zimeinuka. Hapo anakohoa, na wewe viganja vyako viwili vilivyowekwa chini ya mbavu vinasukuma tumbo kwenda ndani na juu kwa wakati uleule. Makohozi yanatoka. Ufundishwe na fizio ana kwa ana, ufanye mbele yake mpaka aridhike, na usifanye mara baada ya chakula. Kwa kawaida tunaanza pale ujazo wa mapafu unaposhuka hadi asilimia 60 ya unaotarajiwa, na kwa mtoto aliyeacha kutembea ujazo huo upimwe angalau kila miezi 6. Omba pia nguvu ya kikohozi ipimwe kwa kile kipimo cha pumu cha kupuliza: akikohoa ndani yake akapata chini ya lita 270 kwa dakika, mafua ya kawaida yanaweza kugeuka nimonia.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niitoe barua yako kabla ya nyingine, ni lile la asubuhi. Kichwa kuuma akiamka na uchovu baada ya usiku mzima wa kulala vinaweza kuwa dalili kwamba usiku hapumui vya kutosha, kaboni dayoksaidi inabaki ndani. Leo kabla mchana haujaisha mlaze chali, kama anavumilia, weka khanga nyepesi tumboni mwake na utazame. Mtu akivuta pumzi, khanga hupanda. Kama kifua kinapanda huku khanga inazama, kiwambo kimelegea. Hata kama khanga inapanda, mpeleke bado, kwa sababu ya kichwa. Anachoweza kuhitaji ni mashine ya kumsaidia kupumua usiku kwa barakoa. Na mkifika hospitali semeni mapema kwamba ana Duchenne. Oksijeni peke yake, bila kusaidiwa kupumua, inaweza kupandisha namba ya oksijeni inayosomwa na kidude cha kidoleni na huku kaboni dayoksaidi inazidi kujaa mpaka mtoto anazama usingizini.

Kwaya aendelee nayo. Aimbe ameketi vizuri, mgongo umeegemezwa, apumzike kwenye ubeti anaotaka.

SWALI: Assalaam alaykum dadangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Mombasa, miaka 29. Nina miasthenia gravisi mwaka wa tatu. Kope zikianguka ni alasiri, na sauti hupotea kipindi cha mwisho. Natumia vidonge vya piridostigmini. Daktari wasema niko imara. Je, naweza kufanya mazoezi ya misuli ya pumzi ama nitajiletea matata? *Mwalimu*

JIBU: Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Waweza, kwa sababu ya neno moja la daktari wako: imara. Ugonjwa wako hauko ndani ya msuli wenyewe, uko pale neva inapoukabidhi ujumbe. Ujumbe unafika, lakini kinga ya mwili imeziba matundu ya kufuli, ufunguo hauingii. Msuli ukitumiwa mfululizo huishiwa, ukipumzishwa hurudi. Tafiti ndogo za watu wenye ugonjwa wa wastani uliotulia zimeonyesha kwamba mazoezi mepesi ya kuvuta pumzi, mara tatu kwa wiki kwa wiki 8, huongeza nguvu na ustahimilivu.

Saa ya zoezi ni muhimu kuliko zoezi. Kidonge huanza kazi ndani ya saa moja na kupungua nguvu baada ya saa tatu au nne. Basi fanya saa moja baada ya kidonge cha asubuhi, siku ambayo huna vipindi mfululizo. Anza chini kabisa, asilimia 20 ya nguvu yako iliyopimwa, pumzi kumi, pumzika dakika mbili, kumi tena. Ukianza kuona viwili viwili au kope kushuka, umemaliza siku hiyo.

Kila siku kabla ya zoezi jipime kwa kuhesabu. Vuta pumzi hadi mwisho, kisha hesabu kwa sauti ya darasani, namba mbili kwa sekunde, bila kuvuta tena. Vitabu vinasema mzima hufika 50 na chini ya 20 ni hatari, lakini hesabu hizo zilipimwa kwa Kiingereza. "Kumi na moja" yetu ina silabi tano, na "ishirini na saba" ndiyo usiseme. Mimi huwahesabisha wagonjwa moja hadi kumi, kisha warudie moja, wakikunja kidole kila kumi ikitimia. Andika daftarini, ujilinganishe na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita. Hesabu ikishuka kwa theluthi, usifanye zoezi, piga simu kliniki. Maji ya kunywa yakirudi puani, kichwa kikikushinda kukishikilia, au ukishindwa kulala chali, nenda hospitali sasa hivi, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu kile kidude cha kidole kimesoma 97. Kwa ugonjwa wako oksijeni ya damu huporomoka mwisho kabisa, baada ya misuli kushindwa.

Jambo moja hukuliuliza. Ziko dawa za kawaida kabisa kwetu zinazoweza kukuangusha pumzi: kwinini, sindano ya jentamaisini, siprofloksasini, propranololi. Andika majina hayo na ugonjwa wako kwenye kadi, iweke pamoja na kitambulisho, umwonyeshe kila anayekuandikia dawa, hata ya malaria. Na magnesiamu, ile dripu wanayotundikiwa wajawazito wenye kifafa cha mimba, nayo imo katika orodha. Ukijaaliwa ujauzito, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki, naye aiandike juu ya jalada la kitabu chako kwa wino mwekundu.